Kliniki ya Wanaume ya Usiku Mjini Lamu: Saa Zimepatiwa, Maelezo Bado

Zahanati moja ya binafsi upande wa Langoni imeanzisha huduma ya uchunguzi wa afya kwa wanaume pekee, inayofunguliwa baada ya sala ya Isha. Kwa shilingi 2,500 mtu hupimwa shinikizo la damu, sukari, mkojo na uzito, kisha hutolewa damu kwa ajili ya kipimo cha tezi dume kiitwacho PSA. Nimeitumia huduma hiyo pamoja na jamaa zangu wawili walionizidi umri, na naiona inastahili fedha inayotozwa, ijapokuwa baadhi ya mambo yakiachwa yalivyo yatawatia watu hofu isiyo na sababu.

Lililofanywa vyema kuliko yote ni saa. Vituo vingi hupokea watu asubuhi, wakati mvuvi yuko baharini au amelala baada ya kukesha na nyavu, nahodha yuko gatini Mokowe akingoja abiria, na fundi ameshika kazi ambayo halipwi mpaka aimalize. Tumezoea kusema kwamba wanaume wanaogopa hospitali. Wapo wanaoogopa, lakini naamini walio wengi hawajawahi kupangiwa wakati wao. Mama na mtoto wana siku zao za kliniki, daftari lao na muuguzi anayewajua kwa majina, na utaratibu huo umeokoa maisha mengi. Mwanaume wa miaka 45 hana mlango wa namna hiyo mpaka aumie au azidiwe.

Wahudumu wote ni wanaume, na chumba cha daktari kina mlango unaofungwa, si pazia. Faida yake niliiona pale daktari, baada ya kumuuliza jamaa yangu huamka mara ngapi usiku kwa haja ndogo, alipoendelea kwa sauti ile ile: "Na busha je, mzee wangu? Ngiri?" Pwani ndiyo sehemu ya Kenya inayosumbuliwa na matende na mabusha, yaani uvimbe wa miguu na wa korodani, maradhi yanayoletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, na kwa miaka mingi serikali imekuwa ikigawa vidonge kwa umma ili kuyatokomeza. Vidonge hivyo huua viluwiluwi vya minyoo vilivyo ndani ya damu na kukata maambukizi, lakini maji yaliyokwisha kujaa kwenye korodani hayaondoki kwa kidonge. Yanataka upasuaji, ambao kwa kawaida si mkubwa. Kampeni hujisifu kwa idadi ya waliomeza dawa. Aliyevimba zamani huacha kupanda chomboni, huacha hata kwenda harusini, na si rahisi kumwona katika hesabu hizo. Sitasema jamaa yangu alijibu nini, ila alitoka na barua ya rufaa ya kumwona daktari wa upasuaji.

Kasoro kubwa iko kwenye PSA. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanaume nchini, na hatari huwa kubwa zaidi kwa wanaume weusi na kwa yeyote ambaye baba au ndugu yake aliugua, kwa hiyo simlaumu anayetaka kupimwa. Ninacholaumu ni damu kutolewa kabla ya mazungumzo. Majibu huja kwa ujumbe wa simu, namba tupu. Mpaka unaotumiwa sana ni nanogramu 4 za PSA, protini itokayo kwenye tezi dume, kwa mililita moja ya damu, lakini mtu anaweza kuuvuka kwa sababu tezi imekua kwa umri tu, au ana maambukizi ya njia ya mkojo, au alilala na mkewe siku moja kabla ya kupimwa. Tena namba ndogo nayo haimhakikishii mtu kwamba yu salama. Jamaa yangu wa pili alizidi mpaka huo kidogo, akashinda siku nzima akigawa mirathi kichwani, hadi daktari alipompigia simu na kumweleza kwamba mkojo wake una maambukizi, ayatibu kwanza, kisha arudie kipimo baada ya wiki kadhaa. Maelezo hayo yalipaswa kutangulia sindano.

Vipimo vingine vina dosari ndogo. Wengi hutoka barazani wakiwa wamekwisha kunywa kahawa, nao hufungwa kipima presha mara tu wanapoketi, ilhali inafaa mtu atulie dakika 5 na awe hajanywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa. Sukari ya usiku, baada ya chakula, haiwezi kusomwa kama ile ya kufunga. Ingefaa zahanati ipime HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 bila kumtaka mtu akae na njaa.

Hata hivyo, si haki huduma ya msingi namna hii iachiwe mwenye zahanati ya binafsi na daktari wake. Kwa Katiba ya 2010 huduma nyingi za afya zilikabidhiwa kaunti, na tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya taifa, iliposhika nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF, matibabu katika zahanati na vituo vya afya yamekusudiwa kulipiwa na Mfuko wa Huduma ya Afya ya Msingi. Basi kufungua zahanati ya umma jioni moja kwa wiki ni suala la ratiba na posho ya mhudumu. Brazili ilitoa sera ya kitaifa ya afya ya wanaume mwaka 2009, ikisisitiza kwamba mwanaume afikiwe na kituo cha msingi kabla hajafika kwa bingwa akiwa amechelewa.

Kwa mkazi wa mjini au Shela, ninaishauri huduma hii, mradi adai maelezo ya PSA kabla ya kukunja mkono wa kanzu. Wa Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, haijawafaa bado: kliniki ikifungwa hakuna boti ya kuwarudisha, na gharama ya kulala mjini huongezeka juu ya zile 2,500.