Bastola kuukuu ya .22: usikague rangi, chungulia chemba

Malalamiko yamenifika ya kutosha. Wasomaji wa Texas, Ohio, Minnesota, wote wimbo mmoja: "Dada, nimenunua bastola ya kale ya .22, haina hata mkwaruzo, lakini kila nikipiga risasi za magazini moja, maganda mawili matatu yanakwama." Nikiwauliza kama walichungulia mdomo wa chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu risasi inamokaa, kabla ya kulipa, kimya. Walikagua weusi wa chuma, wakashika-shika mbao za mpini, wakafurahia sanduku la asili. Rangi na sanduku leo siyagusi. Hayo kila muuzaji atakuimbia bila kuombwa.

Risasi ya .22, ile ndogo ya kipenyo cha inchi 0.22 hivi, ina tabia yake. Risasi za bastola kubwa zina kiwashio katikati ya kitako, lakini hii kiwashio chake kimo ndani ya ukingo unaozunguka kitako, kwa hiyo pini ya kufyatulia hugonga pembeni. Risasi ikiwemo, ukingo ndio unaopokea pigo. Ukifyatua chemba ikiwa tupu, katika bastola nyingi za zamani pini huenda moja kwa moja kugonga mdomo wa chemba, chuma kwa chuma. Sasa chukua mwenye bastola aliyeketi sebuleni miaka na miaka akijizoeza kulenga televisheni bila risasi. Mdomo wa chemba unabonyea, na chuma kilichosukumwa kinatokeza ndani kama kinundu kidogo. Risasi inaingia kwa kulazimishwa, na ganda lililopigwa linang'ang'ania hapo wakati wa kutoka. Kukibonyea sana, ukingo unakosa mahali pa kuegemea unapogongwa, na risasi haiwaki kabisa.

Kuangalia ni kazi ya dakika moja. Omba ruhusa, toa magazini, vuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu. Kisha mulika kwa tochi ya simu pale pini inapogonga. Ukiona kishimo chenye umbo la ncha ya pini, chukua pamba ya masikio uipitishe kutoka ndani ya chemba kuja nje. Nyuzi zikinasa, kinundu kipo. Ukiwa na ganda lililokwisha kupigwa, lidondoshe ndani. Chemba nzima kwa kawaida hulipokea bila kulazimishwa.

Kipo kifaa kidogo cha mafundi cha kurudisha chuma mahali pake kwa kukandamiza, na kovu la kawaida hupona vizuri. Usichokubali ni chemba iliyopigwa tupa. Tupa inaondoa chuma badala ya kukirudisha, na ganda la .22 ni jembamba, linahitaji kushikwa pande zote lisipasuke. Ukiona michirizi ya tupa mdomoni, mshukuru muuzaji uondoke.

Haya, katika bastola ninazozipendekeza, nani wa kwanza.

Colt Woodsman ya mkupuo wa pili, ile ya 1947 hadi 1955. Sijifichi, mimi ni mtu wa Colt. Mchoro wa asili ni wa John Browning, mbunifu maarufu wa silaha wa Marekani, ilianza kuuzwa 1915, na jina la Woodsman likaja 1927. Lakini sikuipa nafasi ya kwanza kwa ajili ya Browning. Woodsman ya mkupuo huu, risasi ya mwisho ikitoka, slaidi inabaki nyuma yenyewe. Unajua umemaliza, hufyatui hewa. Zile za mkupuo wa kwanza hazina huruma hiyo. Kila magazini huishia kwa pini kuangukia chemba tupu, na baadhi yake zimepigwa hivyo tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Pia kitufe cha kutolea magazini kiko karibu na kidole gumba, wakati kwenye mkupuo wa kwanza na wa tatu kiko chini kabisa ya mpini.

Ukikutana na ya mkupuo wa kwanza yenye bei ya kuvutia, igeuze utazame mgongo wa mpini. Michoro ya vialmasi maana yake ilitengenezwa kabla Colt haijaiimarisha kwa risasi za kasi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ilishe risasi za kasi ya kawaida tu. Mistari ya kulala ndiyo iliyoimarishwa. Wauzaji wengi hawalijui hili, na wengine wanalijua wananyamaza.

Na usidanganyike na Challenger au Huntsman kwa kuwa zina farasi yuleyule wa Colt ubavuni. Ndizo zilizopunguzwa gharama, na walichopunguza ni pamoja na kile kizuizi kinachobakisha slaidi nyuma. Kwangu hapo ndipo utamu ulipoishia.

Ya pili ni High Standard, hasa Supermatic Citation na Supermatic Trophy zilizotengenezwa Hamden, Connecticut. Kwa kulenga shabaha karatasini naikubali kuliko hata Colt yangu, ila usimwambie mtu. Shida yake ni magazini. Midomo ya magazini ikipinda kidogo tu, risasi inapanda juu au inainama chini, na bastola nzima inaonekana mbovu. Kwa hiyo chunguza chemba kwanza, halafu magazini, halafu ujue kwamba magazini ya asili siku hizi inauzwa kama pete ya harusi. Tazama pia fremu kwa nyufa. Huyu ni ndugu wa ile bastola yenye kizuia sauti aliyokuwa nayo Francis Gary Powers, rubani wa ndege ya upelelezi ya Marekani aina ya U-2, alipoangushwa juu ya Urusi mwezi Mei 1960, na wauzaji hawachoki kukusimulia, kana kwamba historia ya Powers inaongeza thamani ya Citation yenye kovu.

Smith & Wesson Model 41, ya tangu 1957, ni nzuri, nzito, ghali, na huchagua risasi. Mwenye pesa aichukue.

Ruger Standard ndiyo ya bei nafuu. Ilitoka 1949 kwa dola 37.50, na zenye tai mwekundu kwenye mpini ndizo wakusanyaji wanazozililia. Slaidi haibaki nyuma, lakini ina kipini kidogo ndani kinachozuia pini isifike kwenye chemba. Hakikisha kipo, maana watu wakiifungua kuisafisha husahau kukirudisha. Basi.

Sheria nitaigusa kwa sababu mnaniuliza. Kwa muuzaji mwenye leseni lazima uwe na miaka 21, ujaze fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia silaha, na usubiri ukaguzi wa rekodi zako. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Aliyeko kwa viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi isipokuwa kwa misamaha michache. Majimbo nayo yana yao juu ya hapo. Bastola iliyoko jimbo jingine ipitie kwa muuzaji mwenye leseni wa jimbo lako. Ukiwa mkusanyaji, ipo leseni ya dola 30 kwa miaka 3 inayokuruhusu kupokea silaha zilizozidi miaka 50. Na shemeji akikuambia "ninunulie kwa jina lako nitakurudishia," hilo ni kosa la jinai la serikali kuu. Mwambie hapana, hata kama ndiye aliyekupokea uwanja wa ndege.

Sasa nirudi kwa wauzaji, maana hapo ndipo damu inaponichemka. Kwenye magulio ya silaha bastola nyingi zimefungwa kamba ya plastiki ya nyaya kupitia ndani ya chemba. Kwa usalama, sawa, nakubali, lakini kamba hiyohiyo imeziba pale ninapotaka kuona. Mwingine anakataa kuikata, huku anakuvutia triga ya bastola ya pili ambayo haijafungwa, tik, tik, tik, akuonyeshe jinsi ilivyo laini! Anaiharibu mbele ya macho yako na bei haishuki hata senti.

Mtandaoni ni balaa zaidi. Picha ishirini za ubavu, hakuna hata moja ya chemba. Tangazo likisema "haijawahi kupigwa risasi hata moja", mimi ndipo ninapotilia shaka zaidi, kwa kuwa bastola isiyopigwa risasi hukaa nyumbani ikichezewa, na kila anayeishika anafyatua hewa. Mwandikie muuzaji aifungue, amulike mdomo wa chemba, akutumie picha ya karibu, na umuulize siku ngapi za kurudisha. Akijibu kwamba yeye si mtaalamu wa picha, bakisha dola zako.