Ofisi ya mawakili ya Upanga iliyobeba madai ya baba ya fidia ya saratani ya asbesto

Kwa miezi saba sasa familia yetu imekuwa ikihudumiwa na ofisi ndogo ya mawakili iliyopo Upanga, mwendo mfupi wa miguu kutoka Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika madai ya fidia ya baba yangu mzazi aliyethibitika kuwa na mesothelioma, yaani saratani ya utando unaofunika mapafu. Jina la ofisi silitaji kwa kuwa madai hayajamalizika, na kwa sababu hiyo hiyo simtaji mwajiri. Nimeona hata hivyo niandike namna walivyofanya kazi, kwani tulipokuwa tunatafuta msaada hatukumpata mtu wa kutusimulia njia hii ilivyo hapa Dar es Salaam.

Baba alikuwa fundi wa boila katika kiwanda kimoja cha Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, tangu mwaka 1981 hadi alipostaafu mwaka 2017. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kubomoa na kufunga upya magamba yaliyozuia joto lisitoke kwenye mabomba ya mvuke, na ndani ya magamba hayo ndimo ilimokuwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayostahimili joto, ambayo vumbi lake ndilo husababisha saratani hii. Wao waliiita pamba tu, wakaibomoa kwa nyundo huku wamejifunga vitambaa puani. Vumbi lile hukaa mwilini kimya, na saratani hii kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50, wakati mtu ameshasahau hata majina ya mashine alizozihudumia. Baba alipoanza kubanwa na kifua alitibiwa kifua kikuu kwa miezi kadhaa katika zahanati moja ya mjini bila kupata nafuu, hadi daktari mwingine alipoyatilia shaka maji yaliyojaa pembeni ya pafu na kuagiza kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa mwilini, kikapimwe maabara.

Nianze na jambo lililonifanya niwaamini. Wakili aliyetupokea, dada wa makamo, alimwamkia baba shikamoo, akamkalisha kwenye kiti chenye mikono, na badala ya kuuliza kwanza juu ya fedha akamwomba asimulie siku moja ya kazi tangu anaingia getini mpaka anatoka. Aliandika kila kitu kwa mkono: boila zilikuwa ngapi, nani alifagia vumbi, nguo za kazi zilifuliwa wapi (mama alizifua nyumbani Tandika, na wakili akashauri naye apimwe kifua), zamu za usiku zilikuwaje, magunia ya bidhaa yaliandikwa nini. Kikao kilichukua karibu saa tatu, na baba alipochoka walisimama wakampa maji, wakaendelea. Alitueleza waziwazi kwamba ana haraka ya kuchukua maelezo hayo na kuyawekea kiapo baba akiwa bado na pumzi ya kusema, kwa sababu katika madai ya namna hii shahidi mkuu ni mgonjwa mwenyewe. Maneno hayo yalituuma, lakini nashukuru aliyasema. Wiki sita baadaye baba alianza tiba ya dripu na sauti yake ikapungua sana.

Kabla ya kuwafikia tulikuwa tumeshakutana na kishoka, nasi tulikaribia kumlipa. Alidai shilingi 300,000 ili amwandikishe baba katika mfuko wa waathirika wa asbesto ulioko Marekani. Tulipomweleza wakili, hakutucheka. Alitufafanulia kwamba mifuko hiyo ipo kweli na kwamba mingi ilizaliwa na kufilisika kwa kampuni za asbesto, kama ile ya Johns-Manville iliyokimbilia ulinzi wa mahakama mwaka 1982; ila mfuko hulipa anayethibitisha kwamba alivuta vumbi la bidhaa za kampuni husika, na katika kumbukumbu za baba hapakuwa na bidhaa hata moja ya aina hiyo. Alitueleza pia kesi ya wafanyakazi wa migodi ya Afrika Kusini dhidi ya kampuni ya Uingereza iitwayo Cape, ambao mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliwaruhusu kudai hukohuko makao makuu ya kampuni yalipo, wakafikia suluhu ya malipo mwaka 2003. Kisha akasema kwamba mwajiri wa baba ni kampuni ya hapahapa, hivyo mlango wetu upo hapahapa. Wakili ambaye angeweza kutuuzia ndoto ya Uingereza na asituuzie, kwangu mimi huyo ndiye wakili.

Mlango wenyewe ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ambao waajiri wanauchangia tangu Julai 2015. Ubora wa sheria hii kwa mgonjwa ni kwamba halazimiki kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Anachopaswa kuonyesha ni kwamba ugonjwa umetokana na kazi. Mafao yake si fedha ya ulemavu peke yake, kwani yamo matibabu, msaada wa kumhudumia mgonjwa asiyejiweza, msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi. Mambo haya wakili alituandikia kwa Kiswahili katika karatasi moja, nasi tukaisoma nyumbani mbele ya baba.

Kazi ngumu ilikuwa vielelezo. Kiwandani walituambia majalada ya zamani yaliharibika. Hapo ndipo karani wa ofisi, kijana mpole sana, alipotusaidia kuliko nilivyotarajia: alitwambia tuombe taarifa ya michango ya baba NSSF, ikiwa ni pamoja na ile ya enzi za NPF, mfuko wa akiba uliobadilishwa kuwa NSSF, kwa sababu michango hutaja mwajiri na miaka. Tuliipata, na miaka yote ikajidhihirisha humo. Baada ya hapo alifuatana nami hadi Mbagala na Gongo la Mboto kuwatafuta mafundi wawili waliofanya kazi na baba, wakatoa viapo. Mmoja wao anakohoa pia.

Sasa upungufu. Ofisi ipo ghorofa ya tatu na jengo halina lifti. Kumpandisha ngazi mtu ambaye pafu lake moja limezibwa na maji ni mateso, na ilibidi tulalamike mara mbili ndipo wakaanza kuja nyumbani. Ada ilikuwa shilingi 50,000 kwa ushauri wa kwanza na kiasi maalumu kwa awamu tatu kwa kazi iliyobaki, jambo lililotufaa, lakini gharama za nakala na usafiri hazikutajwa mwanzoni na risiti zake zilichelewa hadi nilipozidai kwa maandishi. Wakili akiwa mahakamani simu hazipokelewi, na kwa familia inayohesabu wiki, siku nne za ukimya ni nyingi mno.

Atakayetafuta msaada kama huu, ofisi yoyote iwayo, akague kwanza jina la wakili katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama aone kama leseni yake ni hai, na aende na majibu ya maabara ya kinyama, kwa kuwa picha ya kifua peke yake haitoshi. Asisubiri pia mgonjwa apate nafuu, maana muda wa kutoa taarifa una ukomo.

Jalada letu limewasilishwa na sasa linasubiri tathmini ya madaktari. Alhamisi iliyopita karani alileta nakala yetu nyumbani Tandika. Baba alizihesabu kurasa mwenyewe, 84, akatafuta ukurasa wenye majina ya wenzake wa zamu ya usiku, akaomba asomewe tena.