Gari la kulalia safarini: mstaafu wa Tabora au Kigoma akodi au anunue?

Mkupuo ukishaingia benki na hakuna tena wa kuombwa ruhusa, wengi huanza kufikiria safari: viboko wa Katavi, ufukwe wa Ziwa Tanganyika, wajukuu walioko Mwanza. Gari lenye kitanda ndani huvutia. Ushauri wetu kwa anayeanza ni huu: mwaka wa kwanza kodi. Kununua kusubiri hadi ujue unalala safarini siku ngapi kwa mwaka, na siku hiyo ikifika, nunua gari ambalo fundi wa Urambo au Kasulu ameshazoea kulifungua.

Hesabu yake haina ugumu. Tuchukue mfano wa gari la shilingi milioni 30. Kwa mwaka likipungua thamani milioni 3, bima kubwa ikala milioni 1.2, matairi na matengenezo milioni 1.8, hapo milioni 6 zimeondoka hata kama gari limelala chini ya mwembe. Kukodi kukiwa shilingi 200,000 kwa siku, milioni 6 hizo ni siku 30. Mafuta usiyahesabu, maana utayalipa kote kote. Weka bei ulizoambiwa wewe mjini kwako, kisha ujiulize bila kujidanganya: hizo siku utazifikisha? Wastaafu wengi hawazifikishi, kwa sababu mashamba, misiba na kliniki havikustaafu.

Jambo jingine la kupima kabla ya fedha ni mahali unakotaka kwenda. Hifadhi za Gombe na Mahale, ambazo ndizo sifa ya Kigoma, hufikiwa kwa boti na ndani yake mtu hutembea kwa miguu. Gari lako litabaki mjini likilindwa. Kwa safari hizo, mtu wa Tabora apande treni ya reli ya kati hadi Kigoma, kilomita zipatazo 410 katika behewa la kulala, na fedha ya gari aiweke kwenye boti. Gari la kulalia lina maana kwa Katavi, Ruaha na safari za ndugu. Hizi hapa njia tano, tukianza na ile tunayoipendekeza zaidi.

1. Kukodi gari pamoja na dereva

Hii ndiyo nafasi ya kwanza kwa anayeanza. Tafuta Land Cruiser au Hiace, ubebe hema na godoro, au ulale gesti na misheni za njiani. Dereva anayeijua njia huokoa zaidi ya posho yake, hasa masika, Novemba hadi Aprili, udongo mweusi wa Katavi unapogeuka ulimbo.

Tazama kibao cha namba kwanza. Gari la biashara lina kibao cheupe; cha njano ni gari binafsi. Ukikodi la njano na ajali ikatokea, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa, kwa kuwa gari halikukatiwa bima ya kukodishwa. Kwenye mkataba yaandikwe haya: kikomo cha kilomita kwa siku na bei ya kila kilomita inayozidi, nani analipa chakula na malazi ya dereva, gari likiharibika porini nani analipa la kulivuta, na kwamba tangi hurudishwa lilivyochukuliwa. Piga picha pande zote nne na dashibodi. Shusha tairi la akiba ulikague, na jeki uijaribu pale pale uwanjani. Jeki mbovu haijulikani mpaka pancha itokee.

Tabora hadi Mpanda kwa barabara ya Sikonge ni karibu kilomita 350. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita linahitaji lita 70 kwenda na kurudi. Land Cruiser inayokwenda kilomita 7 kwa lita inahitaji lita 100, kabla hujaingia hifadhini.

2. Kununua Hiace na kutengeneza kitanda

Ukishavuka siku 30 kwa mwaka, chaguo ni hili. Spea zipo kila mji na ukichoka nayo mnunuzi hakosekani.

Kosa la kawaida ni la vipimo. Hiace ya bodi fupi kwa juu ina nafasi ya kama sentimita 132 toka sakafuni hadi darini. Fundi seremala akikupigia kitanda cha sentimita 45 na godoro la sentimita 10, juu yako zinabaki 77, na mtu mzima hawezi kuketi wima hapo. Atavaa suruali akiwa amelala kila asubuhi. Ukishusha kitanda hadi sentimita 30 utaketi, lakini goti bovu litalalamika kila unapoinuka. Kwa mtu wa miaka 60 tunashauri Hiace ya bodi refu kwa juu, kitanda cha sentimita 45, kama kiti cha mezani. Urefu uwe 190, upana 130. Fremu iwe ya bomba la mraba, ifungwe kwa bolti kwenye matundu ya viti vya awali, juu yake plaiwudi ya milimita 18 iliyotobolewa matundu ili godoro lipumue. Bila matundu jasho la usiku huliotesha ukungu upande wa chini.

Umeme: betri ya pili ya asidi ya Ah 100 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri) hutumika nusu tu, yaani Ah 50, ukitaka idumu. Friji ndogo ya volti 12 kwenye joto letu hula Ah 30 hadi 40 kwa siku, kwa hiyo siku moja tu bila kuendesha au bila sola. Kama mnatumia insulini, inayotakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8, hesabu hiyo si ya kukisia. Fyuzi ikae karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Betri ya asidi isikae ndani mnamolala, kwani ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka. Na jiko, liwe la mkaa au la gesi, halipikiwi wala haliotewi moto ndani ya gari, hata dirisha likiwa wazi. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha, na imeua watu usingizini.

Unapokagua Hiace, omba kuiwasha asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Ya kisasa ya dizeli huogopa mafuta machafu, na nozeli zake ni ghali. Ya zamani yenye injini ya dizeli ya 5L ni nzito njiani lakini fundi yeyote anaiweza. Kisha lala chini uangalie chasi. Huku kwetu kuna Hiace zilizobeba dagaa kutoka Kibirizi na chumvi ya Uvinza kwa miaka, na kutu yake hufichwa na rangi nyeusi mpya. Gonga kwa bisibisi: inapozama, ondoka. Ukipunguza viti, kadi ya gari irekebishwe TRA na bima ijulishwe.

3. Land Cruiser yenye hema la juu

Porini hakuna linaloishinda, hasa ile iitwayo mkonga, yenye injini ya dizeli ya 1HZ isiyo na umeme mwingi wa kuharibika. Bei yake ni kubwa, nayo haishuki. Tunaiweka ya tatu kwa sababu ya ngazi. Hema la juu ni la kupanda karibu mita 2, na mzee anayeamka mara mbili au tatu usiku kwenda haja atashuka gizani kila mara. Kama magoti yenu bado mazima, ipandisheni nafasi ya pili.

4. Noah

Kwa wawili wembamba na barabara ya lami inatosha. Epuka yenye injini ya D4, yaani ya petroli inayopulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Hema la juu usiliweke: lina kilo 50 hadi 70, na paa lake halikutengenezwa kwa hilo.

5. Kuagiza gari-nyumba kutoka nje

Usifanye. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT asilimia 18 juu yake, na gari lililozidi miaka 8 huongezewa ushuru wa uchakavu. La Marekani lina usukani kushoto na vifaa vya volti 120, nasi tunatumia 230. Makabati yake hulegea kwenye barabara za vumbi, na tangi la maji taka halina pa kumwagwa.

Ukiamua kununua lolote kati ya haya, linganisha namba ya chasi na kadi, angalia deni la faini kwenye mfumo wa trafiki, andikishaneni mbele ya wakili, lipa kupitia benki, na umiliki uhamishwe TRA kabla gari halijasafiri hata mara moja.