Kadi ya picha ya GT 1030 kwa filamu za nyumbani: inachoweza na inaposhindwa

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kisumu na Nakuru ni za ex-UK: Dell OptiPlex 9020, HP EliteDesk 800 G1 na nyingine za rika hilo, zenye Intel Core ya kizazi cha 4. Filamu za 1080p huchezwa nazo bila taabu. Matatizo huanza nyumba inapopata TV ya 4K. Sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa hizo hufumbua vizuri H.264, kodeki (njia ya kubana video) ya zamani, lakini haina uwezo wa kufumbua HEVC ya biti 10, ambayo ndiyo kodeki ya filamu nyingi za 4K. Kazi yote humwangukia prosesa, feni inapiga kelele, picha inakwama na sauti inatangulia. Isitoshe, OptiPlex 9020 haina tundu la HDMI. Ina VGA na DisplayPort.

Kwa mashine kama hizo, GeForce GT 1030 yenye memori ya aina ya GDDR5 bado ni kadi nzuri sana. Ilitoka 2017, inatumia wati 30 tu, haihitaji waya wa ziada kutoka pawa saplai, na ipo ya umbo fupi linaloingia kwenye kasha jembamba. Inafumbua HEVC ya biti 10 na VP9 (kodeki nyingine), na tundu lake la HDMI ni 2.0b, kwa hiyo 4K inapita kwa hezi 60 (picha 60 kwa sekunde) pamoja na HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana zaidi.

Usikubali kuuziwa GT 710 badala yake, hata kama muuzaji anasema zote ni za filamu. GT 710 haifumbui HEVC kabisa, na HDMI yake ya 1.4 inaishia hezi 30 kwenye 4K. Kwa TV ya 4K, pesa ya GT 710 ni pesa iliyotupwa.

Kuna mtego mwingine: mwaka 2018 ilitoka GT 1030 yenye memori ya DDR4. Jina ni lile lile, lakini memori yake inapitisha GB 16.8 kwa sekunde, na ile ya GDDR5 inapitisha GB 48. Kufumbua video zote zinaweza. Tofauti huonekana unapotaka kadi iboreshe picha, kwa mfano kukuza DVD ya zamani ijaze skrini ya 4K kwa programu za madVR au mpv, au kugeuza filamu ya HDR ionekane sawa kwenye TV isiyo na HDR. Hapo ile ya DDR4 huanza kuangusha fremu mapema. Soma boksi, kisha uthibitishe aina ya memori kwa programu ya GPU-Z. Programu hiyo pia hutambua kadi bandia, yaani chipu kuukuu iliyobadilishwa jina, na huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi.

Kabla ya kulipa, nenda dukani na flashi yenye faili ya 4K ya HEVC ya biti 10. Icheze, fungua Task Manager, uingie sehemu ya GPU na kuangalia mchoro wa Video Decode. Mchoro ukipanda na prosesa ikabaki imetulia, kadi inafanya kazi yake. Mchoro ukilala chini huku prosesa ikihangaika, huenda draiva haijawekwa, programu ya kuchezea haijawashiwa msaada wa kadi, au kadi yenyewe siyo.

Ukinunua kadi iliyotumika, uliza kibati kifupi cha kuifungia. Mara nyingi kinakosekana, na kadi isiyofungwa huvutwa na uzito wa waya wa HDMI hadi inaachana na sloti. Kwa joto la Kisumu, chukua yenye feni, si ile ya bati tupu. Ndani ya kasha jembamba hewa haizunguki vya kutosha. Nakuru adui ni vumbi, kwa hiyo pulizia feni mara kwa mara.

Inaposhindwa GT 1030 ni kwenye AV1, kodeki mpya zaidi ambayo YouTube inaitumia zaidi na zaidi, na kwenye Netflix ya 4K, inayodai kadi ya NVIDIA yenye memori ya GB 3 au zaidi. Hapo RTX 3050 ya GB 6 ndiyo chaguo letu: wati 70, inafumbua AV1, na HDMI yake ni 2.1. Hakikisha tu kwamba pawa saplai na sloti ya kasha lako vinabeba mzigo huo. Intel Arc A380 nayo inafumbua AV1, lakini inataka mashine iwake kwa UEFI (programu ya kuwashia mashine iliyorithi BIOS), na Intel yenyewe inaipendekeza kwa prosesa za kizazi cha 10 kwenda juu. Kwenye OptiPlex ya kizazi cha 4 unajitafutia kazi. RX 6400 ya AMD ni mpya kuliko GT 1030, lakini AV1 haifumbui. Kwa filamu hatuioni faida yake.

Kadi ikishaingia, chomeka TV kwenye kadi, si kwenye tundu la zamani. Filamu nyingi zina fremu 24 kwa sekunde. Kwenye hezi 60 fremu moja huonyeshwa mara 2, inayofuata mara 3, na kamera ikizunguka utaona picha inaruka-ruka. Kodi, programu ya kuchezea filamu, ina mpangilio wa kuibadilisha TV yenyewe kwenda hezi 24; uwashe. Nyeusi ikionekana kijivu, au giza likimeza nyuso za watu, kadi na TV hazijakubaliana kuhusu kiwango cha rangi: weka zote mbili Full au zote mbili Limited. Skrini ikizima na kuwaka kwenye 4K ya hezi 60, badilisha waya kwanza. Unahitaji unaobeba gigabiti 18 kwa sekunde.