Kutembea mstari au kutega kamera: nani anaishi wapi Kilimanjaro?

Ukipanda kutoka Marangu, migomba na kahawa vinaishia karibu na mita 1,800, kisha msitu unaanza. Kujua mnyama gani anaishi upande upi, watafiti hutumia zaidi njia mbili.

Kutembea mstari kunataka darubini, daftari na miguu. Unaingia alfajiri mbega wakinguruma, unafuata njia iliyonyooka, na kila mnyama unayemwona unapima yuko umbali gani kutoka mstarini, kwa sababu walio mbali hukwepa macho na hesabu lazima ifidie hilo. Kwa mbega, kima na hondohondo, njia hii haina mpinzani. Mvua ikianza, siku imeharibika.

Kamera hufungwa mtini usawa wa goti, nayo hupiga picha yenyewe chenye joto kikipita. Kwa minde, aina ya swala wa msituni anayepatikana Tanzania pekee, mwenye haya na anayetembea zaidi usiku, mimi nachagua kamera bila kusita. Kwa miguu utaambulia kinyesi tu. Ila jani lililochomwa na jua likipepea mbele ya lenzi, utarudi na mamia ya picha za jani! Na mbega asiyeshuka chini hatatokea, ingawa yuko juu ya kichwa cha kamera.

Vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za watu, tembea tu, tena upige hodi. Kamera huko itamnasa bibi akikata majani ya ng'ombe, wala hajaombwa ruhusa.