Runinga ipi ununue kwa filamu za fremu 60

Kabla ya kwenda dukani, jua kwanza utatazama nini. Filamu za fremu nyingi, yaani zenye picha zaidi ya 24 za kawaida kwa kila sekunde, zinazopatikana kwa kasi ya fremu 60 nyumbani ni chache mno. Zinazojulikana zaidi ni mbili za Ang Lee: Billy Lynn's Long Halftime Walk (2016) na Gemini Man (2019). Zilipigwa kwa fremu 120 kwa sekunde, lakini diski ya 4K Ultra HD Blu-ray hukomea 60, na ndivyo zilivyotolewa. The Hobbit ya 2012, iliyooneshwa kwa fremu 48 kwenye kumbi za sinema, kwenye diski ni 24 tu. Muuzaji akikuahidi uzione hizo 48 sebuleni, usimpe hela.

Namba moja kwangu ni OLED (skrini ambayo kila nukta hutoa mwanga wake) ya hezi 120, yaani inayoweza kubadilisha picha mara 120 kwa sekunde, kama zile za mfululizo wa C wa LG. Hizo 120 hutazihitaji kwa Gemini Man. Utazihitaji kwa filamu nyingine zote ulizonazo, kwa sababu 120 hugawanyika kwa 60 na kwa 24 bila baki. Kwenye hezi 60, fremu moja ya filamu ya kawaida hurudiwa mara 3, inayofuata mara 2, na kamera ikizunguka polepole utaona picha inashtukashtuka. Nukta za OLED nazo hubadilika papo hapo, hivyo fremu 60 hutoka safi ajabu: jasho usoni, vumbi linaloruka, vyote unaviona.

Namba mbili ni LED ya hezi 120, hasa kama sebule yako ina mwanga mwingi wa mchana. Hapa ndipo wengi hupigwa. Boksi likiandikwa "Motion Rate 120" haimaanishi hezi 120. Uliza kasi halisi ya paneli, yaani skrini yenyewe, na usikubali jibu la juujuu.

Namba tatu: 4K ya hezi 60 yenye HDR, yaani inayoonesha mwanga na giza kwa upana zaidi. Filamu hizo mbili itazionesha kwa fremu zake zote 60, kwa hiyo kama bajeti ni ndogo, nunua bila wasiwasi. Projekta naiweka mwisho. Hakikisha tu inapokea 4K ya fremu 60 pamoja na HDR.

Deki je? Mashine ya michezo kama Xbox Series X au PS5 yenye sehemu ya diski inatosha. Series S haina sehemu hiyo, usiinunue kwa kazi hii. Waya wa HDMI wa gigabiti 18 kwa sekunde unatosha pia. Na diski za 4K hazifungwi kwa kanda za dunia, kwa hiyo ukiagiza Uingereza itacheza Mombasa.

Ukishafunga kila kitu, ingia kwenye menyu uzime mtambo wa kulainisha mwendo, uitwe TruMotion, Motionflow au jina lingine lolote, au chagua Filmmaker Mode. Mitambo hiyo hubuni fremu ambazo kamera haikupiga, na filamu ya 24 hugeuka kama tamthilia ya jioni.