Sola ya mkopo mjini Lubumbashi: angalia tarehe ya malipo kabla ya kusaini

Duka ninalolizungumzia liko katika komini (mtaa wa mji) iitwayo Kenya, hapa Lubumbashi nchini Kongo, karibu na soko, na linauza paneli, betri na taa kwa mkopo: mteja anatoa malipo ya awali, anaondoka na mzigo siku hiyo hiyo, kisha salio analilipa kila mwezi kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Kwa familia zinazokatiwa umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, mara kwa mara huo ni msaada wa kweli, na vifaa vyenyewe ni imara.

Kinachohitaji kuangaliwa kwa makini ni mkataba. Ukilipa, unatumiwa namba kwa ujumbe wa simu, unaibonyeza kwenye betri, na taa zinawaka hadi tarehe ya malipo yanayofuata. Tarehe ikipita kabla pesa haijaingia, betri inajifunga yenyewe na nyumba inabaki gizani. Nilipouliza kama kuna siku za nyongeza, mama aliyenihudumia alifungua ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho ulioandikwa kwa herufi ndogo za Kifaransa, akanieleza kwa Kiswahili kwamba ni siku tatu, Jumapili ikiwemo. Alinihudumia kwa heshima na uvumilivu, lakini jambo zito kama hilo lilistahili kuwa ukurasa wa kwanza, tena kwa Kiswahili, kwa kuwa wengi wanaosaini pale ni wachuuzi na mafundi wasiosoma Kifaransa cha mikataba.

Bei imewekwa kwa dola, na anayelipa kwa franka anahesabiwa kiwango cha siku hiyo, kwa hiyo usitenge kiasi kile kile cha mwezi uliopita. Anayelipa taslimu asisubiri siku ya mwisho, maana noti ya dola yenye mpasuko mdogo hukataliwa, kama ilivyo mjini kote, na kupata nyingine kunaweza kumchukua siku nzima.

Tarehe inaweza kusogezwa ilingane na mshahara wako, mradi uombe kabla ya kusaini. Mwenye mshahara ninamshauri anunue bila wasiwasi. Anayeishi kwa mauzo ya kila siku aombe kwanza kulipa kwa wiki, na wakikataa, asisaini.